Suti ya Kipa

"Ujumbe umeingia kwenye simu yangu. Nisomee, mpenzi, mikono yangu si unaiona."

Kipa alisimama katikati ya chumba cha cherehani, mikono juu, suti ya harusi imejaa pini. Mchumba wake, fundi aliyekuwa akiishona, akasoma ujumbe wa nahodha kwa sauti:

"Jumapili sare. Wenzetu wamekubali. Pointi moja moja, wote tunapanda daraja. Wewe kaa golini."

Fundi akaiweka simu mezani.

"Na kaka yangu je?"

"Laazizi, mpira ndivyo ulivyo..."

"Usiniite laazizi! Kaka ndiye aliyenilea. Timu yake ikishinda inafikisha pointi arobaini. Mmoja wenu akifungwa, anabaki na arobaini hizo hizo, na kwa tofauti ya mabao kaka anapanda. Mkitoka sare, nyote mna arobaini na moja, na nafasi mbili za kupanda zimekwisha. Afunge hata kumi, kazi bure!"

"Hesabu za ligi umejulia wapi?"

"Nimelelewa na kocha. Ulidhani najua vifungo tu?"

"Jamani, sare haimuumizi mtu."

"Vua suti."

Akavua. Mkono wa kushoto wa suti, ulioshikizwa kwa pini, ukachomoka ukabaki mezani.

Jumapili fundi hakushona. Alikaa na redio. Kaka alikwisha kushinda mawili bila. Kwa akina kipa, bila bila.

"Wanapasiana kama watu wanaopeana pole msibani!" mtangazaji alilalama. "Dakika za mwisho, kona... Haa! Kipa anapanda mbele! Nahodha anamfokea arudi, wapi! Mpira unaokolewa, unapigwa mbele, goli tupu... Wageni wamefunga!"

Fundi akazima redio.

Simu ikaita. Kaka.

"Mdogo wangu, tumepanda! Tofauti ya mabao! Hivi huyo shemeji ana wazimu gani?"

Fundi akakata simu. Akafuta machozi.

Jua likizama, kipa akasimama mlangoni, jezi imeganda tope.

"Nahodha amenitupia begi nje."

"Ulifuata nini mbele?"

"Nilitaka nifunge, tupande mimi na shemeji. Nimempandisha shemeji peke yake." Akainamisha kichwa. "Timu sina tena. Sijui kama harusi bado ninayo."

Fundi akainuka. Kisha akauchukua ule mkono wa suti mezani, akabana pini midomoni.

"Kanawe tope kwanza," akasema kwa tabu. "Halafu uje uinue mkono wa kushoto."