Kivuli cha Mota Sita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Namuria alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kujaza madumu maji. Ya pili ilikuwa kupanda juu ya kiti na kuweka taa ya sola kwenye paa la choo, ili ishibe jua mchana kutwa. Jua la Lodwar halina haya. Hata mbuzi hulikimbia, lakini taa ililipenda.

Wiki hiyo aliongezewa kazi ya tatu, nayo hakuifurahia. Ilimbidi amsubiri mgeni wao, Nyandeng, afunge mfuko wake kwanza ndipo waandamane shuleni. Nyandeng alikuwa mwanafunzi kutoka Kakuma, kambi ya wakimbizi. Shule yake na ya Namuria zilikuwa na mradi mmoja wa sayansi, na mwalimu wake alikuwa amemwombea kibali cha kutoka kambini hadi siku ya maonyesho, Jumamosi.

"Mfuko gani huo unaoandamana na mtu hata chooni?" Namuria alijiuliza.

Mradi wao ulikuwa kivuli kinachotanuka. Fremu yake ilikuwa ya vyuma vyepesi vilivyopishana kama mkasi, nayo ilikuwa na pembe sita. Ikifungwa, wasichana wawili waliweza kuibeba. Ikifunguka, ilitandaza turubai juu ya akina mama wanaouza samaki wakavu wa Kalokol, kule ziwani, sokoni. Mwanzoni walijaribu kutumia mota za waya, lakini fremu ilipotanuka waya zilivutika na kukatika. Ndipo wakaamua kutafuta mota zisizo na waya, zenye betri ndani yake na zinazoendeshwa kwa rimoti. Kila moja ilikuwa bomba jembamba lenye fimbo inayotoka na kurudi.

Dukani walionyeshwa aina mbili, za haraka na za polepole. Namuria alizipenda za haraka papo hapo. Nyandeng alichukua dumu la maji, akajaribu kuliinua kwa mota ya haraka. Ilifika nusu, ikakoroma, ikasimama. Ile ya polepole ililiinua mpaka juu.

"Turubai ikipigwa na upepo ni nzito kushinda hili dumu," alisema Nyandeng. "Tuchukue hizi za polepole. Na zote ziwe za aina moja, ndiyo zitembee pamoja."

Mwalimu Ejore, mlezi wa kilabu cha sayansi shuleni kwa Namuria, alikubaliana naye. Namuria alikubali kwa mdomo, si kwa moyo. Huyu amejuaje mota hizi kana kwamba amelala nazo? Kaka yake Nyandeng, Dhieu, alikuwa fundi wa simu na redio kule Kakuma. Huenda walikuwa na mpango wao.

Wasichana wale waligawana mota, kila mmoja akatunza tatu. Siku za kwanza fremu ilifunguka vizuri. Alhamisi, Namuria alipobonyeza rimoti, pembe tano zilisogea na moja ikabaki palepale. Fremu ikapinda, ikakwama. Mota iliyokufa ilikuwa ya sita, mojawapo ya zile alizotunza yeye.

"Jana ilikuwa inafanya kazi," alisema.

"Jana nimeigusa, ilikuwa moto sana," Nyandeng akajibu.

"Lodwar hii, ni kitu gani si moto?"

Nyandeng aliinamisha kichwa. Namuria akaona huko kuinama ndiko kukiri kwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, na wangu analala kwenye mkeka wangu.

Mama yake Namuria, Asekon, alikuwa amewaambia watoto wake mara nyingi kwamba mzigo wa mgeni haufunguliwi. Namuria aliyajua hayo vizuri. Hata hivyo, mchana wa siku ile walipokwenda nyumbani kula, Nyandeng alitoka kwenda kunawa akauacha mfuko wake nyuma ya mlango. Namuria aliufungua. Chini ya nguo, mkono wake ulikutana na bomba jembamba. Ilikuwa mota, rangi ile ile, ukubwa ule ule.

Aliubeba mfuko wote mbio hadi kwa Mwalimu Ejore, akaumwaga mezani mbele ya wanafunzi wengine. Nyandeng alifika nyuma yake akihema.

"Mwalimu, ametubadilishia," Namuria alisema. "Ametuwekea mbovu, nzima ameificha."

Mwalimu aliutazama mfuko, kisha akamtazama Nyandeng. Wote watatu walijua jambo hilo lingemfikisha wapi. Nyandeng akirudi Kakuma na jina la mwizi, nani angemwombea kibali tena?

"Sema wewe," Mwalimu alimwambia kwa upole.

Nyandeng hakulia. Aliichukua mota ile, akafungua kifuniko chake kilichoshikiliwa na mpira tu. Ndani yake betri ilikuwa imevimba kama andazi.

"Hii ni mbovu, Mwalimu. Ni ya mteja wa kaka yangu. Aliiacha kwenye jua, ikakufa. Dhieu aliifungua anifundishe. Hapo ndipo nilijua hizi mota."

"Mbona hukutuonyesha?"

"Niliibeba niwaonyeshe, nikaogopa. Inafanana na za kilabu. Mimi ni mkimbizi, Mwalimu. Kitu kikipotea, mfuko wangu ndio wa kwanza kufunguliwa." Alimgeukia Namuria. "Na umefunguliwa."

Mwalimu Ejore alikwenda kwenye fremu, akaifungua mota ya sita. Betri yake ilikuwa imevimba vilevile. Aliziweka zote mbili kwenye ndoo ya mchanga nje, mbali na watoto, akawakataza kuzichaji tena.

"Lakini mota zetu hukaa stoo, kivulini," alisema. "Hii imelionea wapi jua?"

Namuria alihisi masikio yanawaka. Hakuna aliyemwona, na angeweza kukaa kimya mambo yakapita. Lakini alimwona Nyandeng akikunja nguo zake zilizotapakaa mezani mbele ya watu.

"Ni mimi," alisema. "Kila mchana nilikuwa naianika nyuma ya stoo. Nilitaka ishibe jua kama taa ya nyumbani, ipate nguvu kushinda zingine."

Nyandeng alimkodolea macho. "Taa ina kioo cha sola, Namuria. Hii haina mdomo wa kula jua. Jua linaipika tu."

"Nisamehe. Umelala kwetu, na mimi nimefungua mzigo wako."

Nyandeng alifunga mfuko wake. "Imeniuma," alisema hatimaye. "Lakini umesema mwenyewe. Sasa njoo tuangalie hii fremu."

Mota zilibaki tano, na tano kwenye pembe sita zingeipinda fremu upande mmoja. Nyandeng aliizunguka mara kadhaa akipiga vyuma kwa kidole.

"Tutoe mbili zaidi," alisema. "Zibaki tatu, pembe moja iwe na mota, inayofuata isiwe nayo. Hizi ni za polepole, zitaweza."

Jumamosi, siku ya maonyesho pale sokoni, upepo ulivuma tangu asubuhi. Akina mama wa samaki waliketi chini ya fremu wakiitazama kwa mashaka. Namuria alibonyeza rimoti. Fremu ilijifungua taratibu, turubai ikakaza, kivuli kikawafunika akina mama na samaki wao. Mmoja wao akacheka na kuvua kilemba.

"Pembe ni sita, mota tatu," mkaguzi wa maonyesho aliuliza. "Kwa nini?"

Nyandeng alifungua kinywa amfichie mwenzake, lakini Namuria alimtangulia.

"Moja niliiharibu mimi kwa kuianika juani. Huyu ndiye aliyetafuta njia."

Mkaguzi alipoondoka, Mwalimu Ejore aliwaita wote wawili.

"Namuria, kitu kikiharibika, chunguza kwanza ulichokifanya wewe, ndipo umtazame mwenzako. Mota tumeipoteza, na hiyo si kitu. Kosa lako ungelinyamazia, Nyandeng ndiye angelibeba hadi Kakuma."