Rejista ya Jumamosi Saa Tisa

Apa kwanza. Sema haki ya Mungu haitoki hapa. Sema kwa sauti, nisikie, maana wewe nakujua, nikikohoa hapa asubuhi, mchana watu wa mtaa wa tatu wananiletea pole. Haya. Funga na mlango.

Walikuwa wanawake wanne, watu wazima na miwani yao na magoti yanayolalamika, wakishona blanketi la viraka kwenye simu. Usicheke, ngoja niseme. Walishona kwa cherehani kama watu wote, ila kila mmoja yuko kwake, mji wake, simu kaiegemeza kwenye kopo la vifungo, wanaonana kwa video. Kila Jumamosi saa tisa alasiri. Watoto wakilia walie, mume akitaka chai ajichemshie, saa tisa ni saa tisa.

Mkubwa wao alikuwa fundi wa sare za shule, mwanamke wa amri, wakambandika jina Kiranja. Wa pili Nesi, nesi kweli, mara nyingine anaingia bado na gauni la wodini. Wa tatu Mwalimu, mjane, mstaafu, miaka thelathini kafundisha darasa la kwanza. Na wa nne Kicheko. Huyo alikuwa karani wa posta, na akicheka, mwenzangu, mpaka simu inakoroma.

Walikuwa na desturi yao. Kabla ya kushona, Kiranja anasoma rejista.

"Nesi!"

"Nipo."

"Mwalimu!"

"Nipo, mama. Yaani uzee huu naitwa rejista!"

"Kicheko!"

"Nipo, nimeunguza tena!"

Maana Kicheko na pasi walikuwa maadui. Kila wiki lazima aunguze kitambaa. Kisha kila mmoja anainua kiraka chake mbele ya kioo cha simu, wenzake wanakikagua, wakiridhika wanasema, "Kimekaa." Kisipokaa, fumua. Hapo hakuna urafiki.

Sasa Mwalimu na Kicheko walipendana kupita wote. Mwalimu alikuwa na presha, na nyumba yake ilikuwa kimya tangu afiwe na mumewe. Kicheko alikuwa anampigia kila jioni, neno moja tu: "Umemeza?" Akijibiwa "nimemeza," anakata. Na jamani, hawajawahi kukutana! Miaka minne wanapendana hivyo, wanajuana kuanzia mabegani kwenda juu. Mwalimu hakujua mwenzake ni mrefu au mfupi, anatembea vipi, anavaa viatu namba ngapi. Walipanga blanketi likiisha, kila mtu amekamilisha robo yake, wakutane nyumbani kwa Mwalimu waunganishe zile robo nne kwa pamoja, meza moja.

Kicheko akaugua Jumatatu. Alhamisi akafa.

Mumewe ndiye aliyepiga, kwa simu ya marehemu. Mwalimu kuona lile jina kwenye kioo akapokea akisema, "Nimemeza, shoga!" Akasikia mwanaume analia.

Kiranja alikwenda kuzika. Nesi alikwenda. Mwalimu alisema miguu imevimba. Miguu haikuvimba. Aliketi kitandani na begi lake limeshafungwa, mpaka basi likaondoka. Moyoni alijiambia, nisipoona, halijatokea.

Jumamosi iliyofuata wakaingia watatu. Kiranja akasoma rejista, na mdomo wa mazoea hauna breki, akatamka, "Kicheko!" Kimya. Kiranja akaziba mdomo kwa mkono. Na katika ule ukimya Mwalimu akajibu taratibu, "Yupo."

Wakalia wote watatu, wakashona wakilia. Na wiki ya pili Kiranja akaita tena, Mwalimu akajibu tena. Ikawa desturi. Nesi peke yake ndiye aliyekuwa anainamisha macho.

"Dada zangu, tumwache apumzike," alisema siku moja.

"Kwani tunamchosha nini?" Mwalimu akajibu. "Tunamwekea nafasi tu."

Wiki kumi na moja wakamwita, wiki kumi na moja akaitikiwa. Ya kumi na mbili, mchana kweupe, jua linawaka, Kiranja akasema, "Kicheko!" na kabla Mwalimu hajafungua mdomo, simu zote tatu zikasema:

"Nipo."

Na kicheko chake. Kile kile cha kukoromesha simu.

Kwenye vioo vyao kulikuwa na kidirisha cha nne, cheusi tii, chenye jina lake. Nesi akaangusha simu. Kiranja akampigia mume wa marehemu.

"Shemeji, nani kashika simu ya marehemu?"

"Iko kabatini," yule baba akasema. "Haina hata chaji. Ngoja. Naishika hapa mkononi, shemeji, imezima."

Wakakata wote. Kiranja akafuta kundi, Nesi akawasha taa za nyumba nzima, saa tisa na nusu mchana.

Ila Mwalimu hakuogopa. Hapo ndipo pabaya penyewe. Mwalimu alifurahi.

Kesho yake Jumapili, saa tisa, aliegemeza simu kwenye kopo lake, akakaa peke yake, akaita, "Kicheko." Kidirisha kikafunguka. Cherehani ikasikika upande wa pili, tiki-tiki-tiki, na yake ikiwa imesimama. Akanusa harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi, humo humo chumbani mwake, na pasi yake iko juu ya kabati, baridi.

"Niite tena," sauti ikasema.

Akaita. Giza la kidirisha likapungua kidogo. Kila akiita linapungua. Jumatatu akaona ukingo wa kitambaa cha kichwa. Jumatano akaona shavu. Ijumaa akauona uso mzima, mabega, tabasamu lenye pengo, na akalia kwa raha kama mtoto aliyerudishiwa mama yake sokoni.

"Umemeza?" uso ukauliza.

"Bado."

"Usimeze leo. Hivyo vidonge vinakuzibia masikio, hunisikii vizuri."

Hakumeza. Siku hiyo wala ya pili wala ya tatu. Nesi akipiga simu hapokelewi, Kiranja akituma ujumbe haujibiwi. Mwalimu anashona tu, maana yule kwenye kioo hakuwahi kuridhika, kila akiinuliwa kiraka anasema hakijakaa, fumua, shona upya, sogea karibu, karibu zaidi, na Mwalimu anafumua na kushona, chakula hakumbuki, kichwa kinamgonga kwa presha kama mtu anayepiga ngoma ndani ya fuvu, vidole vinavimba, na hiyo harufu ya kuungua imeingia kwenye mapazia, kwenye mto, kwenye maji ya kunywa, na yeye anasema moyoni, bora harufu yake kuliko nyumba isiyo na harufu ya mtu.

Nesi akaomba ruhusa kazini, akapanda basi. Alipofika aligonga mpaka akachoka, akazunguka mlango wa nyuma.

Alimkuta mezani, amekonda shingo kama mpini. Blanketi liko chini ya sindano. Na mkono wa gauni la Mwalimu ulikuwa umeshonwa pamoja na blanketi, ule wa kushoto, mpaka kwenye kiwiko, mishono midogo midogo ya kupendeza, na mitatu kati ya hiyo ilikuwa imepita kwenye ngozi ya kiganja. Damu imekauka. Hakuwa ameisikia.

"Shh," Mwalimu akanong'ona. "Yuko hapa. Usimwamshe."

Nesi ana miaka ishirini wodini, lakini jambo kama hilo hajawahi kuliona. Akakata nyuzi moja moja, akampa vidonge kwa nguvu, akafunga kiganja. Halafu akaenda kumtafuta mzee mmoja wa mtaa ule, mtengeneza cherehani. Ndiyo, usinitolee macho! Mzee anatengeneza cherehani, na anasomea watu wenye majini. Mikono ile ile, mafuta yale yale.

Mzee akakaa, akanusa, akauliza tu, "Mlikuwa mnamwitaje?"

Wakamweleza rejista.

"Na marehemu akiitwa, nani anajibu?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Mimi."

"Basi binti yangu, umeacha kiti wazi na kila wiki unapaza sauti kwamba kina mtu. Wako wasio na kwao, wanatafuta kiti tu. Huyu kasikia, kaja kukaa." Akapangusa mikono kwa tambara. "Mimi nitasoma, nitamshika. Lakini kumwondoa siwezi. Atakayemwondoa ni yule aliyemjibia."

"Nifanye nini?"

"Aitwe kwa rejista, useme ukweli."

Mwalimu akaelewa, akaanza kutikisa kichwa. "Hilo siwezi. Niambie nifunge kula, niambie nichome hili blanketi. Hilo neno sijalisema, mzee wangu. Hata peke yangu bafuni sijalisema."

"Yeye anajua hujalisema," mzee akajibu. "Ndilo analokalia."

Jumamosi ikafika. Saa tisa, Kiranja kalirudisha kundi, yuko hewani kutoka kwake. Nesi kamshika Mwalimu mabega. Mzee yuko pembeni anasoma dua chini chini. Kidirisha cha Kicheko kilifunguka chenyewe, na uso ulikuwepo, unatabasamu.

"Mmeleta wageni," ukasema. "Mwalimu, mbona umeniletea wageni?"

Mzee akanong'ona, "Hana kitu ambacho hamkumpa. Mwombe ambacho hukuwahi kukiona, moyo wako uthibitike."

Mwalimu akainua macho kwenye kioo. "Shoga. Simama nikuone."

Tabasamu likatulia. Kisha kitu kile kikaanza kusimama, na mabega yakapanda, na chini ya mabega pale ambapo mtu ana kifua na kiuno pakaja kitambaa, kile kile cha viraka, kiraka kimeshikana na kiraka, cha maua, cha mistari, cha kuungua, kikaendelea kupanda, kichwa kikatoka nje ya kioo na bado kinapanda, viraka vinapita na kupita kama jora linalofunuliwa na mtu asiye na haraka, na hapakuja mkono, hapakuja goti, hapakuja mguu, na juu kwenye dari la chumba cha Mwalimu, si kwenye simu, juu ya dari penyewe, kitu kikaanza kuburuzika taratibu kikitafuta pa kushukia.

"Kiranja!" Nesi akapiga kelele. "Soma!"

"Nesi!"

"Nipo!"

"Mwalimu!"

"Nipo."

Kiranja akavuta pumzi, machozi yanamtiririka. "Kicheko!"

Na kitu kile hakikunguruma wala hakikutisha. Afadhali kingetisha! Kilisema kwa sauti yake ya jioni, ndogo, ya kuchoka:

"Mwalimu, usiseme. Ukisema, nani atakuuliza kama umemeza?"

Nesi anasema alidhani amempoteza Mwalimu, maana alinyoosha mkono wenye bendeji kuelekea kwenye kioo, akakigusa kama unavyogusa shavu la mtu aliyelala.

"Hayupo," akasema.

Dari likagongwa.

"Hayupo. Kicheko amekufa. Alikufa Alhamisi, na mimi sikwenda kumzika. Nilifunga begi langu nikakaa kitandani. Rafiki yangu amekufa na sikumtupia hata konzi ya udongo."

Harufu ya kuungua ikapanda mpaka macho yakawachoma, halafu ikakatika ghafla. Kwenye kioo vikabaki vidirisha viwili. Mzee akafunga mfuko wake wa bisibisi akatoka bila kuaga. Na Mwalimu akapiga yowe la msiba, lile la siku ya kwanza, limechelewa miezi mitatu, majirani wakaja mbio wakiuliza kafa nani.

Alipopata nguvu alipanda basi, akaenda kwa yule mjane wa kiume. Alimkuta anafua mwenyewe, mashati yamekaa vibaya kambani. Akampeleka kaburini, Mwalimu akapiga magoti, akaomba radhi. Waliporudi wakakaa kibarazani, na Mwalimu, kwa kuwa alishachoka kuficha, akamsimulia yote, sauti, uso, dari, yote. Yule baba akasikiliza hajakatiza. Kisha akauliza, anaangalia vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji ya sabuni:

"Siku zote hizo mlizoongea, shemeji. Hakuniulizia?"

"Hakuwa yeye, shemeji. Nimekwambia. Lilikuwa jini."

"Najua. Najua hakuwa yeye." Akapangusa vidole kwenye suruali. "Lakini hakuniulizia hata mara moja?"

Aliyenisimulia haya ni Mwalimu mwenyewe. Ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu; alikuwa jikoni kwangu ananisaidia kumenya vitunguu, na mimi nilikuwa nacheka mwanzoni, lile la rejista lilinichekesha mno. Alipofika kwenye swali la yule mwanaume aliweka kisu chini. Nikamuuliza, "Wifi, sasa ukamjibu nini?" Akachukua kitunguu kingine. Mpaka leo hajaniambia.