Bunduki ya Kuulia Nguruwe

Asheri Kilua alilala chali chini ya ubao wa shabaha, karatasi mpya ingali mkononi. Hakuwahi kuibandika.

Inspekta Mize Ame alichutama kando ya maiti. Kifuani palikuwa na tundu moja, dogo, la kuingia kidole cha mwisho. Mgongoni hapakuwa na tundu la kutokea.

"Risasi bado imo ndani," alisema. "Daktari ataitoa. Nani alikuwapo?"

Koplo Timotheo alionyesha kwa kidevu. Kwenye meza ya kupigia shabaha, mita mia kutoka pale, mwanamume mnene mwenye kofia ya kazi alikuwa ameketi, mikono mapajani. Mbele yake zililazwa bunduki mbili.

"Yakoub. Mshirika wake wa duka la silaha mjini. Walikuja wawili tu, afande. Na wiki nzima walikuwa wakigombana, nusu ya Chumbageni iliwasikia. Mimi naona kazi imekwisha."

Mize alitazama pande zote. Uwanja ule ulikuwa shamba la mkonge lililoachwa, njia ya kwenda Pangani. Mbele palikuwa na bonde la magugu, na ng'ambo ya bonde kilima chenye vichaka. Hapakuwa na nyumba hata moja.

Alimwendea Yakoub.

"Mligombania nini?"

"Duka. Asheri alitaka tulihamishie Arusha, waliko wageni wa kuwinda. Mimi nimezaliwa hapa, nihame niende wapi?"

"Ukaona umalize ugomvi huku porini."

"Astaghafirullah! Kila Jumamosi tunakuja kupiga shabaha. Leo sijafyatua hata moja. Nusa hiyo mitutu."

Timotheo alinusa. Harufu ilikuwa ya mafuta tu. "Bunduki ya tatu umeitupa mkongeni," alisema.

"Nieleze alivyoanguka," Mize akasema.

"Alikuwa ananipa mgongo nusu, anaitengeneza karatasi. Akaanguka. Kisha nikasikia mlio."

"Kisha?"

"Wallahi, kisha."

Timotheo alicheka. "Mtu aanguke kabla bunduki haijalia? Mzee, tunga uongo mwingine."

Mize hakucheka. Alimtazama Yakoub machoni muda mrefu. Mtu huyu alikuwa anaficha kitu, hilo aliliona. Kila jina la Asheri lilipotajwa alishusha macho, lakini si kama mtu mwenye huzuni. Ila mwongo angetunga jambo la kuaminika, na hili halikuaminika hata kidogo.

"Timotheo, risasi huenda kasi kuliko sauti. Mpigaji akiwa karibu, hutambui. Akiwa mbali, risasi hufika, mlio ukafuata." Alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya bonde. "Twende kule."

Juu ya kilima walikuta majani yaliyolaliwa, ya urefu wa mtu aliyelala kifudifudi. Ganda la risasi halikuwapo. Mpigaji alikuwa ameliokota. Lakini pale ambapo mtutu ungeegemezwa, udongo ulikuwa na alama ya mfuko mdogo uliokandamizwa, na kando yake punje chache za mahindi.

"Mpigaji shabaha huegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga," Mize alisema, akizikusanya punje. "Huyu alijaza alichokuwa nacho nyumbani."

Timotheo alitazama ubao wa shabaha, ulioonekana mdogo kama stempu. "Mita mia tano, afande. Nani Tanga hii anaweza?"

"Nani alifundishwa? Uliza hivyo."

Daktari aliitoa risasi kwenye uti wa mgongo. Mtaalamu wa silaha aliipima, akasema ina kipenyo cha milimita sita na nusu: nyembamba, ndefu, yenye kasi. Bunduki zote mbili za pale mezani zilikuwa za risasi nene kuliko hiyo.

Mize alimkuta Yakoub dukani, mlango nusu umefungwa.

"Bunduki ya sita na nusu mmeuza ngapi?"

"Mbili. Ya kwanza mwenyewe alihama nayo, yuko Kanada." Akasita. "Nyingine tulimuuzia mama mmoja wa Mwera. Kibali chake kilikuwa halali, cha kulinda shamba. Nguruwe walikuwa wanammalizia mahindi."

"Nguruwe wa shambani hupigwa umbali gani?"

"Hatua thelathini. Mahindi yakishakuwa marefu, humwoni wa mbali."

"Kwa bunduki gani?"

"Shotigani. Au bunduki fupi ya risasi nzito, isiyopotoshwa na majani."

"Basi ilikuwaje mkampa mama wa shamba la mahindi bunduki ya kumpiga swala ng'ambo ya bonde?"

Yakoub alijipangusa shingo. "Shotigani alishaishika mkononi, afande. Mimi nilimchagulia. Asheri akaingia, akaanza hadithi zake za porini. Yule mama akasikiliza. Akairudisha shotigani taratibu, akauliza, 'Na inayofika mbali ni ipi?'"

"Hadithi gani?"

"Hadithi tu. Za wasasi."

"Yakoub."

"Hadithi tu, afande."

"Na nani alimfundisha kuitumia?"

"Asheri. Alifurahi kupata mwanafunzi. Alimsifu kila mahali."

Mama wa Mwera aliitwa Jenifa. Walimkuta uani kwake asubuhi, akipukuchua mahindi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa umri wa kumzaa Timotheo. Baba yake alikuja kukata mkonge kutoka bara, na Jenifa hakuwahi kuondoka.

"Shikamoo, mama," Timotheo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kaeni."

Mize alikaa kwenye kigoda. "Tumekuja kuona bunduki yako, dada."

Jenifa aliingia ndani, akatoka nayo imefungwa kwa khanga. Hakuuliza kwa nini. Timotheo aliifungua, akanusa mtutu, akamtazama mkuu wake.

"Umeitumia lini mara ya mwisho?"

"Juzi. Jumamosi."

"Kwa nguruwe?"

Jenifa aliendelea kupukuchua. Punje zilidondoka kwenye ungo.

"Dada, huna lazima ya kusema. Una haki ya kunyamaza, na ya kuwa na wakili. Utakachosema kitaandikwa, kitatumika mahakamani. Bunduki hii italinganishwa na risasi iliyomuua Asheri Kilua. Mitutu huacha mikwaruzo yake, kila mmoja ya kwake."

"Najua. Alinifundisha hilo pia."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Timotheo alishusha pumzi.

"Mume wangu aliitwa Daniel," Jenifa alisema. "Alikuwa akiwasomea nyayo za wanyama wasasi wanaotoka mjini. Siku moja hakurudi. Nililetewa maiti kwenye gari, na maneno kwamba ni ajali. Polisi wakaandika ajali. Niliomba nimwone aliyefyatua, walau aje anipe pole. Hakuja msibani. Jina lake sikuambiwa. Nikasimama kanisani, nikasema nimemsamehe asiyejulikana. Na nilimsamehe kweli, dada. Nililala usingizi."

"Kisha ukaenda dukani."

"Nguruwe walikuwa wananimaliza. Daniel ndiye aliyekuwa akilinda shamba. Nikaishika shotigani, nikaiona inafaa. Yule bwana akaja na risasi nene, akaiweka kiganjani mwangu. Akasema, 'Mama, ukitaka nguvu ndiyo hii. Nilimpiga nayo nguruwe kule Mwera, ikamtoboa, ikatoka, ikamchukua na kibarua wangu aliyekuwa nyuma. Moja kwa wawili!' Akacheka. Akanitazama, anangoja nami nicheke."

Kuku alidonoa punje, hakuna aliyemfukuza.

"Alikujua wewe ni nani?"

"Aliniuliza jina, nikamwambia mama Ritha. Miezi yote ile aliniita mama Ritha. Alinifundisha kupumua, kuusoma upepo kwa majani, kuminya kifyatulio kama mtu anayeminya embe. Mwalimu mzuri. Nilikuwa nangoja aniulize tu: baba Ritha yuko wapi? Mara moja tu. Angeuliza, ningelia mbele yake, na pengine yangeishia hapo."

"Hakuuliza?"

"Hakuuliza."

"Ungekuja kwetu."

"Nilikuja. Niliambiwa faili limefungwa, mama, nenda kalime."

Mize aliangalia mikono yake mwenyewe. "Yakoub alikuwapo pale uwanjani. Ulimwona?"

"Nilimwona kwenye darubini. Nikampita. Siku ile dukani yeye hakucheka, aliinama. Nadhani alikuwapo porini pia, Daniel alipokufa. Lakini hakucheka."

Alisimama, akajikung'uta makapi kwenye gauni, akanyoosha mikono. Timotheo alitoa pingu, akasita. Mize alimwashiria azifunge mbele, siyo nyuma.

"Unajuta?" Mize aliuliza. Halikuwa swali la polisi.

Jenifa alifikiri. "Nilikosea kuchagua bunduki," alisema. "Nilichagua ya mbali ili mkono usitetemeke. Sasa amekufa hajui ni nani, wala kwa nini. Ile ya karibu ndiyo ingefaa. Ningemtajia jina la Daniel kwanza."

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika kwenye ua wa michongoma. Mwanamke mmoja aliingia bila kuambiwa, akauchukua ungo, akaendelea kupukuchua pale Jenifa alipoachia.

Garini, Mize alimgeukia Timotheo.

"Tukifika, mlete Yakoub."

"Yakoub? Si tumeshamtoa hatiani, afande?"

"Kwa kifo cha Asheri, ndiyo. Nataka maelezo yake juu ya kifo cha Daniel. Ajali au uzembe, aseme alichokiona. Faili nalifungua upya leo."

Kwenye kiti cha nyuma, Jenifa alikuwa akiitazama barabara. Aliposikia jina la mumewe likitajwa na polisi kwa mara ya kwanza, aliinamisha kichwa juu ya pingu, akaanza kulia.