Bastola Isiyo na Alama ya Tupa

Bastola ilikuwa na joto. Hilo peke yake lingetosha kumshtua Gaudensi, maana ilikuwa Julai, Sumbawanga nzima imejifunga mablanketi, na mwenye nayo alikuwa ameipandisha kutoka Muze nyuma ya lori, ndani ya mfuko wa rambo.

"Nimeletewa na mtu wa ziwani, anasema imetoka Zaire," alisema Ngeleja, mfugaji aliyehamia Muze na ng'ombe wake. Hata salamu hakutoa. "Anataka madume manne. Ni chuma cha maana, au ananiibia?"

Kusema kweli, Gaudensi alijua magobore tu. Aliyatengeneza miaka ishirini, mpaka moshi wa mkaa ukamwachia filimbi kifuani. Kila akivuta pumzi inalia fiii. Bastola inayojipakia risasi yenyewe hakuwahi kuishika. Lakini tangu biashara iachiwe huru mji ulijaa vitu vigeni, na kila mtu alimletea chake akiuliza ubora wake. Neno "sijui" lilimshinda kabisa bwana yule. Kiburi hicho mimi sikihurumii.

"Iache. Urudi saa kumi," akajibu.

Ngeleja alipoondoka, Gaudensi aliigeuzageuza, akaupima uzito wake mkononi. Haikuwa na chapa ya kiwanda wala namba. Chuma cha juu kiliteleza nyuma bila kukwaruza. Ndani hamkuwa na risasi, ila harufu ya nywele zilizoungua.

"Ni nzuri mno," alimnong'oneza Zita, mkewe. "Sioni alama ya tupa hata moja. Mkono wa mtu huacha alama."

"Basi mrudishie, Baba Cornelia. Mimi naogopa."

"Bado sijaipuliza."

Ndivyo wanavyopima gobore: fundi anaweka mdomo kwenye mtutu, anapuliza, na kiganja alichokiweka upande wa nyuma kinasikia upepo kama njia iko wazi. Gaudensi akapuliza. Kiganja chake hakikusikia kitu. Akapuliza tena kwa nguvu, na hapo bastola ikaanza kuvuta, ikavuta huku mashavu yake yakiingia ndani na macho yakimtoka, Zita amemkumbatia kiunoni akimrudisha nyuma na kulitaja jina la Bikira Maria, ikavuta mpaka harufu ile ya nywele ikajaa chumba kizima, na alipoanguka chali sakafuni kifua chake kilikuwa kimya, lakini fiii ile ile ya miaka ishirini ilikuwa inalia ndani ya mtutu.

Zita aliiokota. Sasa ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akaiweka sikioni.

"Mama Cornelia," sauti ya mumewe ikasema, ndogo, inatetemeka. "Niko huku. Usiniache."

Nyuma yake, kitu kilichokuwa mwilini mwa Gaudensi kikaketi, kikajinyoosha vidole kimoja kimoja. Kilipumua vizuri sana, bila filimbi. Zita aliificha bastola ndani ya khanga, akakimbilia mlangoni, na huko akagongana na Ngeleja.

"Fundi! Umeipima?"

"Ni ya maana," kikajibu kile kitu kwa mdomo wa Gaudensi. "Mpe madume yake manne."

"Usiichukue, Bwana Ngeleja, nakusihi!" Zita alilia. "Mume wangu yumo humo! Sikiliza mwenyewe!"

Ngeleja alimtazama kwa chuki. "Mmeona ni mali, sasa mnataka kunizunguka. Wafipa nyie!" Akamkunja mkono, akaipokonya, akaichomeka kiunoni. Zita alilikimbiza lori alilopanda mpaka pumzi ikamwishia, akiita jina la mumewe mbele ya watu wote, na fiii ile ikapotea kwenye barabara ya kuteremkia Muze.

Alirudi nyumbani kwa sababu Cornelia, mwanawe, alikuwa karibu kutoka shule. Alitaka amzuie nje. Lakini kile kitu kilikuwa kimesimama nyuma ya mlango, kikaufunga. Kikamshika mkono, kikaupima uzito wake polepole, kama Gaudensi alivyoipima bastola. Kikamgeuza kichwa kwenye mwanga wa dirisha, kikapitisha kidole shavuni, kikautazama mdomo wake kwa ndani. Harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani.

"Mali nzuri," kikanong'ona, kikimsogezea midomo. "Ila bado sijakupuliza."