Nilimpungia Mama, Ndege Ikalala Chali

"Shemeji, usifungue mkanda! Utaangukia kichwa!"

Nimening'inia miguu juu kama popo, mafuta yananidondokea shingoni... na huyo anayevunja kioo kwa ngumi kunitoa, ndiye nitakayemsaliti kabla jua halijazama!

Cheka kwanza. Hasira utaipata mbele.

Mimi ni mwanafunzi wa urubani. Shemeji, mume wa dada yangu, ni fundi wa ndege pale chuoni, na ndiye aliyenihangaikia nafasi. Siku hiyo nilikuwa naruka peke yangu. Mama alikuja kunishuhudia.

Upepo ukaanza kupiga ubavuni. Nikatua laini... mpaka mwenyewe nikajipenda!

Sasa sikia. Ndege ndogo hata ikiwa chini bado ni mali ya upepo. Usukani huachii mpaka ifungwe kamba. Hilo tunafundishwa kabla hata ya kupaa.

Mimi? Nikamwona mama kwenye uzio. Nikainua mikono yote miwili, nampungia kama rais!

Upepo ukaingia chini ya bawa... puu! Chali.

Ofisini, mwalimu mkuu hakuniambia hata keti.

"Ilikuwaje?"

"Breki ya kushoto ilikataa, mwalimu."

Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu!

Akamgeukia shemeji, vidole vimefungwa kitambaa, damu inapenya.

"Fundi, breki ulikagua wewe?"

Shemeji akanitazama.

"Mimi, mwalimu."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Kazi sina."

Hapo ndipo mwanaume husema. Mimi nikakohoa! Nikakohoa, nikatazama viatu vyangu...

Mlango ukafunguka. Mama! Anahema, simu mkononi.

"Mwalimu, msimfukuze mwanangu! Alitua vizuri, ni upepo tu! Nimemrekodi, ona... ona anavyonipungia! Mikono yote miwili!"

Alikuwa anajivunia, jamani. Akairudia video ili tuone vizuri.

Mwalimu akaitazama mikono yangu.

Mama akatutazama mmoja mmoja, tabasamu linamwisha taratibu.

"Kwani... nimekosea nini?"

"Hujakosea, mama," shemeji akamjibu.

Nje nilimfuata.

"Shemeji... kwa nini ulikubali?"

"Fundi hakosi pa kushika spana. Wewe ukifutwa urubani, basi tena."

"Kwa hiyo ulijua nadanganya?"

"Nilikuwa nimesimama na mama pale kwenye uzio, bwana. Na mimi nilikupungia."

Afadhali angenizaba kofi!

Kazi yake anayo. Mimi nimefungiwa kuruka, naosha ndege, na akipita ananiuliza, "Rubani, breki zipo?" Nacheka. Macho hayacheki.

Ndugu yangu, upepo humwangusha yeyote, hiyo si aibu. Aibu ni kuanguka, halafu ukamtafuta aliyekuja kukuinua umlaze chini yako.

Haya, nisemeni. Leo sikohoi.