Fulana Nyeusi za Marselino

Marselino aliuona mkasi kabla hajamwona mwenye mkasi.

Soko la Buguruni lilikuwa limechemka asubuhi ile. Wauza mitumba wamepanda juu ya meza zao, wanapiga makofi na kuimba bei, na watu wanasukumana kati ya viatu na mapazia. Pembeni, chini ya turubai la bluu, dada mmoja wa dera la njano alikuwa amekaa kwenye kigoda, hereni zake kubwa za duara zinacheza kila akiinamisha kichwa. Mbele yake kulikuwa na rundo dogo la fulana nyeusi. Alichukua moja, akaikunjua, akasonya, akaingiza mkasi shingoni na kuipasua mpaka tumboni.

"We dada! Unaua!"

Dada akainua macho. Aliona mwanaume mrefu, mwembamba, jinzi imepauka magotini, mgongoni kabeba gitaa kwenye mfuko wa turubai alioushona mwenyewe.

"Naua nini, kaka? Nakata matambara ya gereji. Unataka?"

"Hiyo fulana unaijua?"

"Naijua haiuziki. Ona, fuvu la kichwa. Hii nyingine ina mbuzi mwenye mapembe. Nani atavaa hivi aende ukweni?"

"Mie."

Dada akacheka mpaka jirani yake, muuza mashuka, akageuka. "Basi wewe huna mkwe."

"Bado natafuta. Nipe zote, na hiyo uliyoikata."

"Iliyokatwa ya nini?"

"Nitaishona. Unaona haya maandishi?"

"Haya ni maandishi? Mie nilidhani mizizi ya muhogo."

Marselino akachuchumaa pale pale kwenye vumbi, akamsomea jina la bendi herufi moja moja kwa kidole, akamwambia wanatoka nchi ya baridi, wanapiga death metal ya zamani, muziki wa magitaa mazito na kunguruma, na mpiga besi wao hatumii kiplastiki cha kukwanyulia nyuzi, anatumia vidole kama yeye. Alieleza kama mtu anayeeleza habari za ndugu zake waliopotea. Dada hakuelewa hata nusu. Alichoelewa ni kwamba hajawahi kuona mwanaume mzima akiwa na furaha kiasi kile asubuhi bila pombe.

"Unaitwa nani?"

"Marselino. Napiga besi."

"Mie Kokuberwa. Nikifungua belo jingine la mitumba zikatoka, nikupigie?"

Mapenzi yao yalianza hivyo. Kila belo likifunguliwa, simu ya Marselino inaita.

"Baby, zimetoka mbili. Moja ina mifupa, nyingine ina kanisa linaungua."

"Ya mifupa niwekee. Ya kanisa kata."

"Heh! Leo unachagua?"

"Mie Mkatoliki, mpenzi. Kuna mambo na mambo."

Marselino alikuwa mtoto wa Mmakonde mchonga vinyago, amezaliwa Vingunguti na bado anaishi Vingunguti, chumba kimoja karibu na machinjio. Mwisho wa wiki alipiga besi kwenye bendi ya dansi katika baa moja ya Temeke, amevaa shati la maua kama wenzake, akibembeleza watu wazima wacheze taratibu. Hiyo ilikuwa kazi. Siku nyingine alivaa fulana nyeusi, akachomeka gitaa kwenye spika yake ndogo iliyopasuka, na kupiga metali. Besi ya dansi inabembeleza, ya metali inasukuma ukuta, na yeye alitaka kusukuma. Mjini hapa watu wa muziki huo unawahesabu kwa vidole, na mpiga ngoma wa kweli hakumpata. Akapiga peke yake na kuimba peke yake, ile sauti nzito inayotoka tumboni. Majirani walishazoea. Ng'ombe analia machinjioni, Marselino analia chumbani, wao wanaendelea kumenya ndizi.

Kokuberwa alijifunza haraka. Alikuwa akija mchana na chakula kwenye hotpoti, wanakaa kitandani, sikio moja moja kwenye waya wa kusikilizia simu, na Marselino anamtahini aina za metali.

"Hii?"

"Thrash. Inakimbia kama singeli, ila hii ina hasira ya kweli."

"Hii?"

"Doom. Watu wamebeba jeneza na njia ina tope."

"Eeh! Na hii?"

"Black metal. Mama yangu ameona panya."

"Na death?"

"Wewe ukiamka bila chai."

Marselino alimvuta shingo, akambusu utosini. Kwa miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza ile ni nini. Walimuuliza tu ana nini. Akampigia wimbo alioutunga mwenyewe, unaoitwa Machinjio. Ubeti wa pili alimtamkia kwanza taratibu, maana ukiimbwa kwa mngurumo maneno hayashikiki: "Wa mbele hageuki, wa nyuma anasukuma, wote tunadhani mbele kuna majani."

"Huu ni wangu," alisema Kokuberwa. "Usimwimbie mwanamke mwingine."

"Nani mwingine atanivumilia?"

Mwaka haukuisha wakakubaliana kuoana. Mjomba wa Marselino alikubali kuwa mshenga, barua ya posa ikaandikwa, ikabaki kupangwa siku ya kuipeleka Goba kwa mama yake Kokuberwa. Baba alishafariki. Mama, Bi Margareta, karani mstaafu kutoka Bukoba, alikuwa na nyumba yake kilimani yenye geti jeusi na maua ya vikopo, na kila Jumapili alikuwa kanisa la maombezi la jirani, kiti cha mbele. Marselino alishafika mara moja kusalimia, shati jeupe, shikamoo ya kuinama. Mama aliuliza baba yake anafanya kazi gani.

"Mchongaji, mama. Anachonga mashetani."

Marselino alisema vile kama mtu anayesema baba yake ni fundi seremala. Kwa Wamakonde ndivyo vinyago vya namna ile vinavyoitwa, wazungu walivinunua soko la Mwenge, na mzee kila Jumapili alikuwa kwenye misa. Bi Margareta hakuuliza zaidi. Aliweka kikombe cha chai chini, akamtazama mgeni kifuani kama anayetafuta kitu.

Jambo lenyewe liliharibika jikoni. Kokuberwa alikuwa akikaanga ndizi, simu yake iko mezani inachaji. Ukaingia ujumbe wa sauti. Bi Margareta, akidhani ni mama mdogo wa Bukoba, akaubonyeza. Mngurumo wa Marselino ukajaa jiko zima, ubeti wa pili wa Machinjio, umerekodiwa upya, safi kuliko mwanzo.

Bi Margareta aliangusha simu kwenye beseni la maganda.

"Mama, anaimba tu!"

"Anaimba nani? Hiyo ni sauti ya mtu? Nimezaa watoto wanne, nimezika mume, sauti ya mtu naijua!"

"Ni muziki, mama. Wapo wengi wanaimba hivyo, wazungu."

"Na baba yake anachonga mashetani. Koku, wewe huoni? Barua sipokei. Sipokei mpaka aombewe."

Jioni ile Kokuberwa alipiga simu, sauti chini.

"Nenda tu, baby. Saa moja. Wakuwekee mkono kichwani, waombe, yaishe. Mjomba aje na barua."

"Niombewe nini, Koku? Mie naumwa?"

"Huumwi. Mama ndiye anaumwa roho. Fanya kwa ajili yangu."

Marselino aliketi kitandani. "Na nini kingine?"

"Amesema ulete zile fulana."

"Zote?"

"Zote, mpenzi. Nitakutafutia nyingine. Kwani si mie ndo naziokotaga?"

Jumapili Marselino alipanda Goba na kiroba begani. Alimimina fulana zake mbele ya madhabahu, rundo jeusi juu ya zulia jekundu. Moja tu hakuileta, ile iliyopasuliwa na mkasi siku ya kwanza, aliyoishona kwa mkono na uzi mweupe kwa sababu mweusi hakuwa nao. Hiyo aliiacha Vingunguti chini ya godoro.

Mchungaji Fredrick, suti nyeupe, viatu vyenye ncha, alimwekea kiganja kwenye paji la uso na kusukuma. Kushoto na kulia watu walikuwa wanaanguka. Marselino hakuanguka. Alisimama kama mtu anayesubiri kinyozi amalize. "Toka! Toka! Toka!" Kanisa likapiga makofi, kinanda kikapanda, jasho la mchungaji likaloanisha kola. Wakaomba, wakapumzika, wakaomba tena.

"Lina kiburi pepo hili," mchungaji akasema kwenye maiki. "Halitaki kuongea."

Hapo Marselino akaelewa. Mwanamuziki anajua watu wakija wanataka nini, na hawa hawatatoka bila kukipata. Pepo lisipoongea hakuna atakayekwenda nyumbani, na barua ya posa haitapokelewa. Alimtafuta Kokuberwa kwa macho. Alimwona kiti cha pili, gauni la bluu bahari, kitambaa kichwani, mkono wake umeshikwa na mama yake.

Akapanga miguu, akavuta pumzi mpaka chini kabisa ya tumbo, na akawapa. Ubeti wa pili wa Machinjio, wote, tena vizuri kuliko alivyowahi kuuimba maishani. Alikuwa anamwimbia Kokuberwa. Maneno yale watu wawili tu duniani waliyajua, na mmoja wao alitakiwa acheke kidogo, ajizibe mdomo na kitambaa, asubiri nje wapasuke mbavu pamoja.

Kanisa lililipuka. Akina mama walipiga vigelegele, vijana wakainua simu juu kurekodi. Na Kokuberwa akaruka kinyumenyume, kiti kikaanguka, akajificha nyuma ya bega la mama yake. Macho yake yalikuwa ya mtu anayemwangalia nyoka.

Marselino aliona. Akakaa chini pale pale kwenye zulia, na watu wakashangilia kwamba pepo limetoka.

Video ilizunguka mji mzima. Baa ya Temeke walevi walianza kumzomea akiwa jukwaani: "Unguruma! Pepo, unguruma!" Kiongozi wa bendi, mzee Abdulrahman, alimwita nyuma ya spika.

"Marse, mwanangu, watu hawaji kucheza tena, wanakuja kukuangalia. Pumzika kwanza."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka wasahau."

Goba, upande wao, walifurahi. Bi Margareta alituma salamu kwamba barua ije, kijana sasa ni safi, ila atakuwa anatoa ushuhuda kanisani kila mwezi, na mke wake atakuwa anamwangalia dalili za pepo kurudi.

Kokuberwa alipiga simu mara nyingi bila kupokelewa. Siku tatu alikuwa ameamini kwamba ni pepo kweli. Siku ya nne alikaa chooni, akafungua ile video, akaiweka sikioni ili asione, asikie tu. Akasikia. Wa mbele hageuki, wa nyuma anasukuma. Alilia mpaka mama yake akagonga mlango.

Marselino alikuja mwenyewe Buguruni, mchana, jua kali, soko limejaa. Kokuberwa alisimama haraka, akajipangusa mikono kwenye dera.

"Baby. Jamani umekonda. Kaa."

"Sikai."

"Nimesikia, Marse. Ule ulikuwa wimbo wangu. Nimeusikia."

"Lini?"

Akasita. "Siku ya nne. Kwenye simu."

"Mie niliimba Jumapili. Kanisa lile lote nilikuwa naimba kwa mtu mmoja."

"Niliogopa! Watu wote wanapiga kelele, mama amenishika, ningefanyaje?"

"Ungecheka."

"Usijifanye malaika na wewe. Ulifanya mchezo madhabahuni. Umewadanganya watu wazima, mama yangu alilia kwa furaha, na wewe unaigiza!"

"Nilitumwa na nani?"

Muuza mashuka aliacha kuimba bei. Kokuberwa akashusha sauti. "Mtu akiogopa mara moja ndiyo unamwacha? Barua inasubiriwa. Tuoane, tuhame, mama atasahau."

"Mama yako hasahau. Siku mtoto wetu akilia vibaya usiku, atasema ni lile lile limerudi. Utarudi nyuma tena."

"Sitarudi."

"Ulikuwa unajua kuliko wote, Koku. Mle ndani hakuna aliyejua ile sauti isipokuwa wewe. Nilikufundisha mwenyewe."

Marselino alilisema hilo akijua litamuumiza. Kiburi kilikuwemo pia. Mwanaume mwingine angekaa kwenye kile kigoda, angesamehe, na pengine wangeishi. Yeye alifungua mfuko wa gitaa, akatoa fulana nyeusi yenye mshono mweupe unaoshuka toka shingoni mpaka tumboni, akaiweka mezani juu ya sketi za watu.

"Hii ulikuwa hujaimalizia."

Akageuka, gitaa mgongoni, akapita kati ya viatu na mapazia. Kokuberwa alimwita jina lake kamili, mara moja. Alikuwa na uhakika kwamba Marselino amesikia. Hakugeuka.

Aliishika ile fulana muda mrefu. Aliinusa. Mshono ulikuwa wa mtu asiyejua kushona, hatua ndefu na fupi, lakini umekazwa sana.

"Dada, matambara yapo?" Fundi wa gereji alikuwa amesimama mbele yake, mikono imejaa grisi.

Kokuberwa aliangalia kule Marselino alikopotelea, akaangalia tena mezani.

"Yapo, kaka. Subiri."

Akachukua mkasi, akaanzia pale pale penye uzi mweupe.