Hariri ya Vedat Inanuka Plastiki

"Washa kiberiti, Vedat."

"Zerrin mpenzi, dukani humu kuna vitambaa mpaka darini..."

"Washa!"

Vedat akawasha. Zerrin akachomoa uzi kwenye kitambaa alichopewa na Vedat juzi, akausogeza motoni. Ukajikunja, ukayeyuka, ukabaki kidonge cheusi kigumu.

"Nusa."

"Nina mafua."

"Nusa, nimesema!"

Akanusa. Plastiki tupu. Hariri ikiungua hunuka nywele na kuacha majivu laini. Bursa nzima, mji wa hariri, inajua hilo, sembuse Vedat, aliyekulia kwenye duka la hariri la mjomba wake.

"Juzi ulisema nini?"

"Hariri safi."

"Ukaapa kwa nini?"

"Kwa masharubu ya babu."

"Babu yako alikuwa na masharubu?"

"Hapana."

Kwenye duka la jirani, Kenan muuza mitandio akabanwa na kicheko. Zerrin hakucheka. Wiki nzima alihangaika kukusanya vifaa ili aanze kuchora kwenye hariri: fremu ya mbao, pini, brashi laini, vichupa vinne vya rangi, gundi ya kuchorea mipaka ili rangi isitoroke, na chumvi ya mawe. Kitambaa alimwachia mchumba wake, Vedat, amletee.

"Nimekivuta kwenye fremu kikakaza kama ngoma. Nimechora ua, rangi ikakataa kuzama! Nikanyunyiza chumvi ili ifyonze rangi, itoe nyota. Nyota ziko wapi? Nimebaki na kachumbari! Ulijua?"

Vedat alifungua mdomo amsingizie mjomba, akaufunga.

"Nilijua. Hariri ilituishia. Nikaona nikikwambia hakuna, utaenda kwa Kenan."

"Na nikienda?"

"Kenan ana vishimo mashavuni."

Kenan akasikia, akatabasamu. Vishimo hivyo hapo.

"Jumapili mnakuja kuniposa," Zerrin akasema taratibu. "Mtu anayenidanganya kwenye kitambaa, nikiishi naye nitamwamini kwa lipi?"

Akaondoka, kitambaa akakiacha juu ya meza.

Alasiri hiyo simu ya Vedat ilikuwa ya kutuma tu, haipokei.

"Zerrin, nisamehe."

"Nimekosa, sina kisingizio."

"Kesho naenda kwa wafumaji wenyewe. Nitachoma uzi mbele yao kabla sijachukua."

Hapo simu ikalia: "Choma na huo ulimi wako."

Ijumaa asubuhi, mama yake Zerrin alipokea mlangoni hariri nyeupe, na bahasha yenye majivu kidogo. Ndani Vedat ameandika: "Nusa. Kama nywele za mjomba."

Jibu likaja adhuhuri: "Jumapili njooni. Sijasema ndiyo."

Jumapili, wakipanda ngazi za kwao Zerrin pamoja na mjomba, Shangazi Saadet alimnyoosha Vedat, mpwa wake, tai.

"Kahawa yako itatiwa chumvi, mwanangu. Ndivyo bwana harusi anavyopimwa. Kunywa yote, ukiulizwa sema tamu."

"Najua, shangazi."

Alijua sana. Tangu asubuhi alikuwa mbele ya kioo akifanya mazoezi: kunja uso, toa chozi moja, meza, tabasamu la shujaa.

Zerrin akaingia na sinia, vidole vyake vina rangi ya bluu. Akampa kikombe. Sebule nzima ikainama mbele. Mjomba akamnong'oneza, "Kunja uso kidogo, watu wafurahi."

Vedat akanywa.

Sukari! Tamu kama sharubati!

"Vipi kahawa?" Zerrin akauliza, akimkazia macho.

Vedat akaelewa. Mtihani haukuwa chumvi, ulikuwa kusema kweli. Uso wa mazoezi akauacha, na chozi akalirudisha lilikotoka.

"Tamu," akasema.

Makofi yakalipuka.

"Mwanamume huyo!" mjomba akajipiga paja. "Chumvi vijiko vitatu, anasema tamu!"

"Jamani, wallahi ni tamu kweli!"

"Mapenzi hayo!" Baba yake Zerrin akafuta jicho.

"Onjeni basi!"

"Inatosha, mwanangu, usizidishe," Shangazi Saadet akambembeleza.

Mara sauti ya mama yake Zerrin ikatoka jikoni. "Zerrin! Mbona kopo la chumvi tupu? Lilikuwa limejaa!"

Shangazi Saadet akaruka. "Umemtilia kopo zima? Unataka kumuua mtoto wetu?"

Zerrin akausukuma mlango wa chumba cha pembeni kwa kisigino, kidogo tu, Vedat aone. Kwenye fremu hariri nyeupe imekuwa bluu nzito, na kila punje ya chumvi ilipokunywa rangi pamechanua nyota. Nyota tele, pembeni moja kubwa imepinda. Kazi ya mtu anayeanza.

"Baba," Zerrin akasema, midomo ikipambana na kicheko, "mimi nimekubali."

Vedat akainua kikombe kitupu.

"Mama mkwe, naomba kingine kama hiki hiki."

Shangazi Saadet akashika kifua, akaitisha maji.